Afisa Majuto wa Tumaini Gumu

Usiitafute Jamhuri ya Sitiri katika ramani. Kampuni iliyoshinda zabuni ya kuchora ramani ya nchi ilichora nchi ya jirani, ikalipwa, kisha ikajuta, na mambo yakaishia hapo. Wasitiri wenyewe hawakulalamika. Wanajua nchi yao iliko, na wageni wenye fedha hawajawahi kupotea njia.

Kujuta ndiko kulikoipa Sitiri sifa. Kwingine duniani, kampuni ikikosa hupelekwa mahakamani, wakubwa wakafungwa na viwanda vikafungwa pamoja nao. Serikali ya Sitiri, ambayo ina huruma nyingi, iliona huo ni ukatili. Ikatunga Sheria ya Majuto, ambayo watoto huikariri shuleni kabla hawajaujua wimbo wa taifa: aliyejuta amelipa. Tangu hapo kila kampuni ikatakiwa kuajiri Afisa Majuto mwenye cheti, na kazi ya afisa huyo ni moja tu, kujuta kwa niaba ya wenzake ili wao waendelee na uzalishaji. Akishajuta hadharani mbele ya kamera na mwakilishi wa wizara, faili hufungwa, kifusi huzolewa, na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake.

Tawakali Mbonde alikuwa Afisa Majuto Mkuu wa Tumaini Gumu, kampuni ya saruji. Alikuwa mtu mpole, mwenye uso mrefu wa matanga ambao ungepotea bure katika kazi nyingine yoyote. Alikuwa ameshinda Jicho la Dhahabu, tuzo ya taifa, na katika Chuo cha Majuto walimu walifundishia kanda zake. Tazameni, waliwaambia wanafunzi, anaanza kushusha bega la kushoto, ndipo sauti inafuata.

Machozi yake hayakuwahi kuchelewa. Asubuhi ya kazi mkewe alikata kitunguu maji na kukisugua kwenye pembe ya kitambaa cheupe cha mfukoni, akakikunja vizuri, akamtakia mumewe heri. Ilikuwa nyumba yenye upendo, na ilikuwa imejengwa kwa saruji ya kampuni nyingine.

*

Saruji ya Tumaini Gumu ilikuwa nyepesi, nao wakubwa waliitangaza hivyo hivyo: saruji nyepesi, haimchoshi mbebaji. Ilikuwa nyepesi kwa sababu nusu ya mfuko ilikuwa majivu, yaliyokusanywa kwa waokaji mikate wa mji mzima. Waokaji walifurahi kuondolewa majivu, kampuni ikafurahi kuyapata, na serikali ikaipa kampuni nishani ya usafi wa mazingira.

Soko la Kitopeni lilijengwa kwa saruji hiyo. Lilipoanguka siku ya gulio, Tawakali alipelekwa kujuta, na alijuta mpaka mwakilishi wa wizara akaomba kiti. Mstari wa mbele alikuwa ameketi mama mmoja muuza vitumbua, Bi Somoe, ambaye binti yake wa pekee, Zena, alikuwa amekwenda kumnunulia mama yake mafuta ya kupikia na zege likamkuta dukani. Bi Somoe hakuwa analia. Alikuwa ametulia tu, mikono mapajani, anamsikiliza.

Jambo alilolifanya Tawakali pale halikuwa katika mazoezi. Alishuka jukwaani, akapiga magoti mbele ya yule mama, akampa kitambaa chake. Bi Somoe alijifuta uso, na alipojifuta machozi yakamtoka kama mvua, akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe. Wapiga picha walisukumana. Picha ile ilibandikwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, na Tawakali akapandishwa cheo.

Jioni ile, garini, kwikwi ikamshika.

Tangu utotoni alikuwa na aibu hiyo. Akifanya kosa la kweli hatoi chozi hata moja; hutoa kwikwi. Marehemu mama yake hakuwa na haja ya upelelezi. Sukari ikipungua mkebeni aliwapanga watoto barazani, akaketi, akangoja. Ni dada yake, Siwema, aliyekuwa akimwokoa. Alikuwa akipenya nyuma na kata ya maji na kumnong'oneza: kunywa haraka, mama hajakufikia. Sasa Siwema alikuwa muuguzi mkuu wa wazazi huko huko Kitopeni. Siku ya soko aliwapokea majeruhi kwa mikono yake, kisha jioni ya majuto akamwona mdogo wake kwenye televisheni, na tangu jioni ile hakumpigia simu tena.

*

Siku moja, masika yakikaribia, Tawakali aliitwa ofisini kwa Mkurugenzi Mkuu, Daktari wa Heshima Kibwana Lumelezi. Udaktari huo alipewa na chuo ambacho kampuni ilikijengea bweni, na upande mmoja wa bweni hilo umesimama mpaka leo.

"Kaa, Mbonde. Safari hii nataka sauti ya chini kidogo," alisema Mkurugenzi. "Ni wodi ya wazazi."

"Wodi ipi, Bosi?"

"Ya Kitopeni."

"Ya Kitopeni inafunguliwa Jumamosi, Bosi. Haijaingia mgonjwa."

"Ndiyo maana nimekuita mapema. Kule sokoni tulichelewa siku mbili nzima, wananchi wakaanza kuuliza maswali. Bodi imeamua tuwe na majuto ya akiba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Wazee wetu hawakuwa na mipango. Sisi tunamzaa mjukuu kwanza, babu atafuata."

Tawakali alihisi kitu kinapanda kifuani, akakimeza. "Lakini Bosi, kama tunajua..."

"Nani anajua? Itajua mvua. Mimi si mtabiri wa hali ya hewa."

"Kwa nini tusiseme isifunguliwe?"

Mkurugenzi alimtazama kwa masikitiko, kama baba ambaye mtoto wake ameuliza mbele ya wageni kwa nini leo kuna nyama. "Mbonde, tukisema isifunguliwe tutakuwa tumekiri. Kukiri ni kosa la jinai. Kujuta ni fadhila. Cheti chako ulikipataje?"

Kisha akamwita mwalimu wa mazoezi, kijana aliyevaa suti ya kubana, ambaye aliomba waanzie pale penye maneno "malaika wachanga waliotangulia."

Nasi tungependa kusema kwamba Tawakali alikataa. Hadithi ingekuwa fupi na nzuri. Lakini alikuwa na mkopo wa nyumba, na alikuwa na woga, na zaidi ya yote alikuwa fundi, na fundi akipewa kazi mkono huenda wenyewe. Alifanya mazoezi. Alisema "malaika wachanga" mara ya kwanza, akaona haikukaa vizuri, akapendekeza mwenyewe kwamba anyamaze kidogo kabla ya neno "wachanga." Mwalimu akapiga makofi. Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tawakali alitoka, akaingia chooni, akafungulia bomba lote ili watu wasimsikie, kwikwi ikamtikisa mpaka mbavu zikamuuma.

*

Alikwenda Wizara ya Maadili na Viwanja. Alipokelewa na Mkurugenzi Msaidizi wa Majuto Yajayo, bwana mnene mwenye furaha, ambaye kwanza kabisa aliomba kupiga naye picha.

"Mke wangu alilia na wewe siku ya soko. Hakula mpaka usiku. Haya, tukusaidie nini?"

"Nataka kujuta, Mheshimiwa. Wodi ya Kitopeni itaanguka."

"Imeanguka?"

"Bado."

"Basi hayo si majuto, ndugu yangu, huo ni wasiwasi. Wasiwasi uko Wizara ya Afya, ghorofa ya tatu."

Ghorofa ya tatu walimwambia kwamba wao hushughulikia wasiwasi wa watu, na wasiwasi wa majengo uko Ardhi. Ardhi walisema jengo likiwa limesimama ni mali ya Ujenzi, likishalala ndipo linakuwa ardhi, kwa hiyo arudi likishalala. Ujenzi hapakuwa na mtu. Wote walikuwa wamekwenda Kitopeni kupamba wodi kwa maputo.

Alipokuwa anatoka, yule bwana mnene alimfuata mpaka kwenye ngazi, akamshika mkono, na safari hii hakuwa akicheka.

"Nakuambia kama mdogo wangu. Kuna kifungu kuhusu kujuta mapema bila kibali. Kinatisha wawekezaji. Watu wamefungwa. Nenda nyumbani, kale, ulale."

Ikabaki simu. Siwema alipokea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika vitu viwili kwa wakati mmoja.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna, Dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi sikuzoea kupigiwa na wewe kama hakuna aliyekufa. Sema basi, nina wazazi wawili kwenye kitanda kimoja na mwingine yuko chini, na paa linavuja."

"Dada, hiyo wodi mpya. Ingekuwa vizuri msihamie haraka. Nimesikia tetesi."

"Tetesi za nani?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema: si tetesi, najua, nimekwisha fanya mazoezi. Alifungua kinywa, kwikwi ikaja. Akaitoa simu mdomoni upesi, akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akaiacha ipite. Aliporudi alisema, "Tetesi tu za mitaani." Ikaja tena, akaiziba tena.

"Tawakali, sikiliza," alisema Siwema. "Wazazi wangu wanalala sakafuni. Wewe siku ile ulikwenda redioni ukasema soko lilianguka kwa mapenzi ya Mungu. Nilifunga maiti nikikusikiliza. Sasa ukija kwangu uje na jambo, usije na tetesi." Akakata.

Tawakali alibaki ameishika simu. Kitu pekee ambacho dada yake angekiamini, alikuwa amekiziba kwa mkono wake mwenyewe. Mficha uchi hazai, wanasema Wasitiri, ila wao husema hivyo huku wakijifunika.

*

Jumamosi ilikuja na jua zuri. Wodi ya Wazazi ya Kitopeni ilikuwa imepakwa rangi ya waridi, rangi nene, kwa sababu ukutani rangi ndiyo ilikuwa kitu kigumu kuliko vyote. Wageni waliombwa kwa heshima wasiegemee. Waziri wa Maadili na Viwanja alikuwepo, bendi ya magereza ilikuwepo, na Bi Somoe alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha kitambaa, amevishwa utepe wenye maneno Balozi wa Msamaha. Mapajani alikuwa na kile kitambaa cheupe. Kampuni ilimwomba aje nacho. Hakukifua tangu siku ile.

Waziri alisema kwa kirefu kwamba kuna nchi zilizo na wodi lakini hazina maadili, na kuna nchi zilizo na maadili lakini hazina wodi, na Sitiri ilikuwa njiani kupata vyote viwili. Mkurugenzi Mkuu alisema saruji si mchanga wala si mawe, saruji ni imani. Watu wakapiga makofi.

Sitiri ina desturi kwamba jengo likifunguliwa, Afisa Majuto husimama kutoa salamu, ili wananchi wamfahamu mapema mtu atakayekuja likitokea la kutokea. Kwa kawaida ni dakika moja: husema jina lake, hupunga mkono, huketi. Tawakali alisimama. Kitambaa kipya, kilichosuguliwa vyema, kilikuwa mfukoni. Hakukitoa.

Mlangoni mwa wodi alimwona dada yake katika sare nyeupe, ufunguo mkononi, nyuma yake wazazi wamejipanga na mabeseni na kanga zao. Wa kwanza alikuwa binti mdogo mwenye tumbo kubwa, ameshika kiuno, anasubiri watu wakubwa wamalize maneno.

"Naitwa Tawakali Mbonde," alisema. "Hii saruji nusu ni majivu. Hii wodi itaanguka mvua ikija. Nimekwisha fanyishwa mazoezi ya kuililia." Kwikwi ikamkata. "Na soko," kwikwi, "soko nilijua ni majivu, na nikaja hapa," kwikwi, "nikawalilia."

Kisha mshereheshaji, ambaye alilipwa ili kimya kisitokee, akanyakua kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, hayo ndiyo majuto ya viwango vya kimataifa. Anajuta hata kabla ya kosa." Bendi ikapiga. Waziri alisimama kupongeza. Mkurugenzi, aliyekuwa ameanza kutokwa jasho, aliwaona watu wanapiga makofi, naye akapiga, kwa nguvu kuliko wote. Watu wa nyuma tu ndio hawakuridhika.

"Leo hakulia," mmoja alisema.

"Watakuwa wamempunguzia mshahara," akajibu mwenzake.

Tawakali alijaribu kuendelea, lakini kwikwi zilikuwa zinafuatana na watu wakaanza kucheka, kwa sababu mtu mzima mwenye suti akishikwa na kwikwi jukwaani anachekesha, hata awe anasema nini. Alisimama pale, macho makavu, anatikisika.

Ndipo watu wakapisha. Siwema alikuwa anakuja katikati ya viti, si haraka, ameshika kikombe cha bati kilichojaa maji. Alipanda jukwaani mbele ya Waziri bila kumwamkia.

"Kunywa," alimwambia mdogo wake.

"Dada, mimi..."

"Nimesikia. Kunywa."

Alingoja mpaka kikombe kikaisha, akakichukua, akarudi alikotoka. Aliwaambia wazazi wageuke, wanarudi wodi ya zamani. Waziri alipouliza kuna nini, muuguzi mkuu alisema kwa adabu zote kwamba ufunguo umepotea. Ulitafutwa chini ya viti, ukatafutwa ndani ya ngoma ya bendi. Ulikuwa kifuani mwake, mahali ambapo hata Serikali ya Sitiri haikuthubutu kupekua. Basi utepe ukakatwa mbele ya mlango uliofungwa, na televisheni ikatangaza kwamba wodi imefunguliwa.

*

Mvua ilinyesha Jumanne. Mchana, watu wakila, wodi iliketi chini. Haikutoa kishindo. Ilinywea pole pole kama uji uliokosa unga, na rangi ya waridi ikatiririka mpaka barabarani. Ndani hapakuwa na mtu. Katika wodi ya zamani, chini ya paa linalovuja, yule binti mwenye tumbo kubwa alikuwa anajifungua mapacha, na hakuna aliyetoka kwenda kutazama.

Kesho yake Tawakali alijua zamu yake imefika. Alivaa vizuri, akamuaga mkewe, akaenda kukamatwa. Lakini ofisini walimpokea kwa vigelegele. Mwanasheria wa kampuni alikuwa amelisoma jambo usiku kucha. Kampuni ilikuwa imejuta, tena hadharani, tena mbele ya Waziri mwenyewe, tena siku tatu kabla. Aliyejuta amelipa. Hakuna kampuni katika historia ya Sitiri iliyolipa mapema kiasi hicho, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, kampuni ilikuwa inaidai serikali chenji. Waziri alitangaza kwamba Tumaini Gumu ndiyo itakayoijenga wodi upya. Tawakali akapewa Jicho la Dhahabu la pili.

Alilibeba mpaka kituo cha polisi, akaomba afunguliwe mashtaka. Sajini wa zamu alimsikiliza kwa heshima.

"Kosa gani, mzee?"

"Soko. Nilijua."

"Soko ulishalijutia, mzee. Nilikuwepo, nilishika kamba ya kuzuia watu. Sasa mimi nikuandike nini?" Akamtafutia kiti, akamwagizia chai, na alipoondoka akampigia saluti.

Alikwenda kwa dada yake. Siwema alikuwa ananawa mikono. Alimkaribisha, akamuuliza habari za mkewe na wanawe, akamwonyesha wale mapacha. Tawakali akamuuliza kama amemsamehe.

"Mimi nilikupa maji," alisema Siwema. "Msamaha kaombe sokoni."

*

Bi Somoe alikuwa kibarazani kwake anaepua vitumbua. Pembeni palikuwa na mtungi wa maji, kata imelala juu ya kifuniko. Tawakali alikuja kwa miguu, bila kamera, bila mwakilishi wa wizara, na kwa mara ya kwanza hakujua ashushe bega lipi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa kwenye kibao. Bi Somoe alimaliza kikaango kilichokuwa motoni, akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa cheupe. Kilikuwa kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Akamwekea mapajani.

"Nilikuwa sikifui," alisema. "Nilikiweka kwenye sanduku la nguo za Zena. Nilijiambia, yupo mtu mmoja aliyemlilia mwanangu asiyekuwa ndugu." Akaketi, akavuta kanga magotini. "Kilikuwa kinanuka kitunguu. Tangu siku ya kwanza nilisikia. Nikajiambia, pengine ametoka nyumbani mkewe anapika."

Tawakali alifungua kinywa amjibu, kwikwi ikamshika. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Bi Somoe aliutazama mtungi uliokuwa kando yake, akamtazama yeye. Kisha akamimina mafuta kwenye kikaango, akaendelea na vitumbua vyake.